Sentensi za Kupimia Masikio: Mfano wa Kikannada na Haja ya Kiswahili

Katika mwaka 2014 Geetha na wenzake watatu, wataalamu wa usikivu wa mji wa Mysore katika kusini ya India, walichapisha jaribio la sentensi katika lugha ya Kikannada. Kazi yao ni orodha 25, na kila orodha ina sentensi kumi. Msikilizaji huvikwa vyombo vya masikioni, husikilizishwa sentensi moja moja, naye hutakiwa kuirudia kila moja kama alivyoisikia. Mpimaji huhesabu maneno makuu yaliyorudiwa sawasawa. Kwa njia hiyo hujulikana si tu kama sikio linasikia mlio, bali kama linapokea maneno ya watu. Mtu atazamaye kwa haraka atadhani hiyo ni kazi ya madaktari, isiyowahusu wanaochungua lugha. La hasha. Sentensi 250 zilizochaguliwa ili zisikiwe, zirudiwe na zihesabiwe ni maandishi ya lugha kama maandishi mengine yoyote, nazo zahitaji kuhakikiwa: zimetungwa kwa lugha ya nani, zinampendelea nani, na msikilizaji akikosa neno, aliyekosa ni sikio lake au ni mtungaji?

Maswali hayo yatuhusu sisi moja kwa moja, kwa kuwa yeyote atakayetunga jaribio la namna hii kwa Kiswahili atatamani kushika mfano uliokwisha tengenezwa, na mfano wa Kikannada ni miongoni mwa mifano mizuri. Nia ya makala haya ni kuonyesha ni kipi katika mfano huo tuwezacho kukichukua, na ni kipi tukikichukua bila ya kufikiri tutakuja kuwaita watu viziwi ilhali masikio yao ni mazima.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini sentensi, wala si milio. Mashine ya kupimia usikivu hutoa milio mitupu, minene na myembamba, mikubwa na midogo, na mgonjwa huashiria kila asikiapo. Kipimo hicho ni cha lazima, lakini hakitoshi. Watu wawili wenye usikivu ule ule wa milio waweza kutofautiana sana katika kuelewa maneno, hasa penye kelele. Wazee wengi husema, “Nasikia kwamba anasema, bali sisikii asemalo.” Malalamiko hayo mashine ya milio haiyajibu.

Historia ya jambo lenyewe ni ndefu kiasi. Wahandisi wa simu wa Marekani, Fletcher na Steinberg, waliandika mwaka 1929 juu ya njia za kupima kama maneno hufika salama katika nyaya za simu. Egan akatoa orodha za maneno ya silabi moja moja mwaka 1948. Katika mwaka 1979 Plomp na Mimpen walitoa sentensi za Kiholanzi, na mwaka huo huo huko Uingereza zikatoka sentensi za Bench na Bamford, ambazo chimbuko lake lafaa kukumbukwa: zilitokana na maneno yaliyosemwa na watoto wenye usikivu hafifu wenyewe. Watungaji hawakuketi mezani wakabuni yale waliyodhani mtoto aweza kuyajua. Waliwasikiliza watoto kwanza. Sentensi hizo zikawa msingi wa jaribio la Marekani la mwaka 1994, lililotolewa na Nilsson, Soli na Sullivan. Huko Mysore chuo cha taifa cha usemaji na usikivu kilianzishwa mwaka 1965, na majaribio ya Kikannada ni matunda ya kazi ya miaka mingi chini ya chuo hicho. Kwa Kiswahili kazi iliyochapishwa ni haba mno, ukilinganisha na wingi wa wasemaji wake. Na haja si ndogo: taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilihesabu watu zaidi ya bilioni 1.5 wenye upungufu fulani wa usikivu, na kati yao milioni 430 walihitaji msaada.

Ili tusibishane hewani, tuchague mahali pamoja pa kuijaribia hoja yetu. Nachagua Chimala. Mji huu mdogo umo katika wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, na reli ya TAZARA yapita hapo. Nyuma yake milima inasimama kama ukuta, na barabara ya kupanda Matamba huukwea ukuta huo kwa kona zinazojulikana na kila dereva kwa hesabu yake, hamsini na saba. Mbele yake limetandaa bonde la Usangu na mashamba ya mpunga. Ipo hospitali ya misheni, yako maduka, ziko mashine za kukoboa mpunga zinazonguruma wakati wote wa mavuno, na malori hayalali. Mtu aliyefanya kazi miaka ishirini kando ya mashine ya kukoboa ana haki ya kupimwa masikio yake.

Lakini sababu kubwa ya kuichagua Chimala ni wakazi wake. Wenyeji wa bonde ni Wasangu. Pamoja nao wako Wanyakyusa waliofuata mpunga, Wabena na Wahehe wa upande wa Iringa, Wakinga wafanyao biashara, Wawanji wanaoshuka na viazi kutoka Matamba, Wasafwa, na wafugaji Wasukuma na Wamasai. Katika Usangu wamo hata Wabaluchi, ambao wazee wao walifika zamani. Wote hao husema Kiswahili sokoni, shuleni na hospitalini. Walakini kwa wengi wao Kiswahili si lugha ya kwanza, na kila mmoja hukijia kutoka mlango wake. Jaribio litakalosema kweli Chimala litasema kweli karibu kila mahali katika Tanzania bara. Jaribio litakalosema kweli kwa mwanafunzi wa chuo kikuu wa Dar es Salaam peke yake halijathibitisha mengi.

Sasa tuangalie lugha zenyewe. Kikannada na Kiswahili hazina udugu wowote. Moja ni ya jamii ya Kidravidi, nyingine ya Kibantu. Hata hivyo zinafanana katika mambo mawili makubwa. Maneno ya asili ya Kikannada, kama yale ya Kiswahili, kwa kawaida huishia kwa irabu. Tena lugha zote mbili huunganisha vipande vingi katika neno moja la kitendo. Hapo ndipo mfano wa Mysore unapotufaa kuliko mfano wa London au wa Boston, kwani mtungaji wa Kikannada alikwisha kutana na neno lililobeba mzigo wa sentensi nzima.

Mahali pa kutengana ni pale mzigo unapowekwa. Kikannada huweka vipande vyake mwishoni. Kitendo huja mwisho wa sentensi, alama ya mtendaji huja mwisho wa kitendo, na hata ukanushi huja mwishoni kabisa, kwa kipande *illa* chenye *l* ya kukaziwa. Mtu husikia habari yote, kisha ndipo aambiwe kwamba haikuwa. Kiswahili hutanguliza. Mtendaji, wakati, mtendwa, na ukanushi pia, vyote husimama mbele ya shina, katika silabi zisizo na mkazo, maana mkazo wetu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo sehemu ya neno inayosikika zaidi ni shina, na sehemu inayobeba mahusiano ya sentensi ni ile inayosemwa haraka na kwa wepesi.

Msomaji atazame jambo moja tu, ukanushi wa wakati ujao. “Watakuja” hukanushwa kwa “hawatakuja,” “tutakuja” kwa “hatutakuja,” “kitakuja” kwa “hakitakuja.” Katika zote hizo silabi nzima imeongezwa, na sikio hafifu lina kitu cha kushika. Lakini “atakuja” hukanushwa kwa “hatakuja,” na “utakuja” kwa “hutakuja.” Hapo hakuna silabi iliyoongezwa. Kilichoongezwa ni pumzi tu, herufi *h*, iliyo dhaifu katika konsonanti zetu zote. Katika nyakati nyingine lugha imejilinda: “alikuja” na “hakuja” hutengana kwa *li* na *ku*, na “anakuja” na “haji” hutengana kwa umbo zima. Wakati ujao peke yake ndio ulioachwa bila ya kinga, na umeachwa kwa nafsi mbili zinazotumika sana mbele ya daktari, yaani *wewe* na *yeye*. “Atapewa chakula usiku” na “Hatapewa chakula usiku” ni amri mbili zinazopingana kwa mgonjwa anayengoja kupasuliwa asubuhi, nazo zimetenganishwa na pumzi. Aidha wasemaji wengi wa bara huiacha *h* panapostahili na huiongeza pasipostahili, na hakuna awafikiriaye kuwa wagonjwa. Nafsi ya kwanza ina bahati kidogo, “nitakuja” na “sitakuja,” lakini hata hapo ukanushi umepanda juu ya *s*, na *s* ni miongoni mwa sauti za kwanza kumtoka mzee ambaye milio myembamba imeanza kumpotea.

Je, sentensi kama hizo ziwemo katika jaribio au zisiwemo? Mtu aweza kusema ziondolewe, kwa kuwa zinatatanisha. Mimi naona ziwemo, ila zikae katika orodha yao peke yake na zihesabiwe peke yake, kwa sababu hilo ndilo kosa la kusikia linaloweza kumdhuru mtu. Kuzichanganya na nyingine kutaharibu usawa wa orodha. Kuziacha kutalifanya jaribio liwe na adabu ya mezani tu.

Tuje kwenye hesabu. Mfano wa Mysore, kama mifano mingi, huhesabu maneno makuu. Katika Kiingereza njia hiyo yafaa, kwa kuwa mambo madogo hutawanyika katika maneno madogo, na mtungaji aweza kuyaacha bila ya kuyahesabu. Kwa Kiswahili maneno madogo hayo yamo ndani ya neno kubwa. Chukua sentensi hii: “Hatukuwaona mbuzi wenu mtoni.” Ni maneno manne. Msikilizaji wa kwanza akirudia “Hatukumwona mbuzi wenu mtoni,” amekosa kipande kimoja, nacho ni kidogo. Ukanushi ameupata, nafsi ameipata, wakati ameupata, shina amelipata. Msikilizaji wa pili akirudia “Watoto wamecheza mbuzi wenu mtoni,” amebahatisha. Hakusikia lolote katika neno la kwanza. Kwa hesabu ya maneno, wote wawili wamekosa neno moja katika manne. Mizani gani hiyo isiyotofautisha punje na gunia?

Pendekezo langu ni kwamba neno la kitendo lipewe alama tatu: moja kwa shina, moja kwa nafsi pamoja na ukanushi wake, na moja kwa wakati. Kipande cha mtendwa kisihesabiwe pale ambapo mtendwa mwenyewe ametajwa, kwa kuwa wasemaji wengine hukiweka na wengine hukiacha, na wote hueleweka. Majina na sifa yapewe alama moja moja, kwa shina. Njia hii itamchosha mpimaji zaidi, nakubali. Lakini kazi ya kuandika alama tatu si kubwa kuliko kazi ya kumweleza mama mmoja kwamba sikio la mwanawe limekufa nusu, ilhali si kweli.

Kuhesabu kwa shina kunatuleta kwenye upatanisho wa ngeli, na hapa Kiswahili kina mali ambayo Kikannada hakina, kwa kuwa sifa za Kikannada hazigeuki kufuata jina. Tukisema “Vikombe vyangu vipya vimevunjika,” tumekwisha tangaza mara nne kwamba ni vitu vya ngeli moja na kwamba ni vingi. Aliyepotewa na mwanzo wa neno la kwanza hulirudisha kwa msaada wa matatu yanayofuata. Hii ni neema ya lugha, lakini katika kipimo ni mtego. Mnyakyusa wa Chimala, hata kama Kiswahili alikianza ukubwani, ana ngeli nyumbani kwake. Kwake *vi-* ni ndugu wa *ifi-*, na sikio lake linatazamia upatanisho kabla haujafika. Mmasai ana jinsia za majina, hana mlolongo huu wa ngeli. Wape wawili hao masikio yale yale, usiku ule ule, kelele ile ile: mmoja atapata alama nyingi kuliko mwenziwe. Tofauti hiyo haitakuwa ya sikio, itakuwa ya sarufi. Wala si Usangu tu. Jaribio likirekodiwa Dar es Salaam kisha likapelekwa Nairobi au Lubumbashi, ambako watu katika mazungumzo ya kila siku hulegeza upatanisho, litawakuta watu wazima wenye masikio mazuri wakirudia sentensi kwa kuzitengeneza upya vinywani mwao.

Jambo hili laonekana vizuri zaidi katika jaribio la namna ya jedwali, lililoasisiwa na Hagerman kwa Kiswidi mwaka 1982 na kuigwa katika lugha nyingi. Sentensi zake zina maneno matano: jina la mtu, kitendo, hesabu, sifa na kitu. Kila nafasi ina maneno kumi, nayo huchanganywa kama karata, hata mtu hawezi kukariri. Kwa Kiswahili karata hizi haziingiani. Ukichanganya “viti” na “mashoka” na “mikeka,” hesabu na sifa hazina budi kugeuka kila mara: vitatu vikubwa, matatu makubwa, mitatu mikubwa, na msikilizaji akisikia mwanzo wa sifa tu, amekwisha jua nusu ya majina hayawezekani. Njia iliyo wazi ni kuchagua majina yote kutoka ngeli moja. Ukichagua ngeli ya *ki-vi*, kila neno litaanza kwa *vi-* mpaka masikio yachoke, halafu utakuta sita, saba, tisa na kumi hazikubali kuambatishwa chochote, basi zitatambulika kwa ugeni wao. Naona ngeli ya *n* ndiyo ya kufaa, “Asha alinunua meza mbili kubwa,” kwa kuwa upatanisho wake umefichika zaidi na hautoi siri mapema. Mpangilio nao utabadilika, jina likitangulia sifa na hesabu. Ni kazi ya adhuhuri moja kwa mtu aijuaye sarufi. Kwa asiyeijua, ni jedwali la makosa mia.

Kuhusu maudhui ya sentensi sina maneno mengi, kwani ubaya wake huonekana mara moja. Yako mazoea ya kuchukua sentensi za kigeni na kuzifasiri. Kwa mfano wa kubuni, mtu atuletee hii: “Mbwa alilala kando ya meko ya sebuleni.” Sarufi yake haina doa. Lakini mzee wa Usangu akiisikia katika kelele atajiuliza mbwa ameingiaje ndani, na wakati anajiuliza, sentensi ya pili imekwisha pita. Hajakosa kusikia, amekosa kuamini. Msikilizaji wa Chimala apewe “Lori la mpunga limekwama karibu na daraja,” apewe “Ng'ombe wameingia shambani kwetu,” apewe “Mashine ya kukoboa imeharibika tangu jana.” Na zisibuniwe na mtu mmoja. Zikusanywe kama zile za watoto wa Kiingereza, kutoka vinywani mwa watu, sokoni na barazani, kisha wasemaji wengi waulizwe kama kila moja ni sentensi ambayo mtu huisema kweli. Mysore walifanya uchujaji wa namna hiyo, nao ndio mwenendo wa kufuatwa.

Iko hatari ya upande wa pili, kwamba sentensi iwe ya kawaida mno hata isihitaji masikio. Kalikow, Stevens na Elliott walilichungua jambo hili kwa Kiingereza mwaka 1977, wakatenga sentensi ambazo neno lake la mwisho hubashirika na zile ambazo halibashiriki. Kwetu methali ndiyo kilele cha ubashirifu. Mtu akisikia “Haba na haba,” hahitaji kusikia kibaba wala kujaza. Kwa hiyo methali, iliyo pambo la lugha yetu, ni sentensi mbaya kuliko zote kwa kazi hii, na mtungaji mwenye mapenzi ya fasihi itambidi ajizuie. Hata “Mama anapika wali” ni nusu ya methali katika nchi ya mpunga.

Sasa kinywa. Jaribio huliuliza sikio, lakini jibu hutolewa na kinywa, na kinywa kina desturi zake. Kinyakyusa hakina *z* wala *v* wala *r*. Mnyakyusa aliyesikia “zawadi” barabara aweza kuirudia “sawadi”. Msukuma aliyesikia “kula” aweza kusema “kura,” au kinyume chake. Mpimaji aliyetoka pwani, au aliyefundishwa kuandika alama kwa ukali, atapiga mkasi. Hapo atakuwa amepima lafudhi, akaiandika katika cheti kama ugonjwa. Dawa yake ni mbili. Kwanza, sentensi zisitegemee tofauti hizo peke yake. Neno “kura” lisikae mahali ambapo “kula” nayo yaweza kukaa. Pili, mpimaji awe na karatasi inayomwonyesha mabadiliko ya matamshi yasiyohesabiwa kuwa makosa, kwa kila lugha ya mahali pale. Karatasi hiyo ni kazi ya wanaisimu, wala daktari asilaumiwe kwa kutokuwa nayo.

Kwa watoto jambo hili ni zito zaidi. Mtoto wa Kisangu au wa Kiwanji huingia darasa la kwanza na Kiswahili kichache, na masikio ya watoto wa umri huo huvuja usaha mara kwa mara. Mwalimu amwonapo hajibu, ana maelezo matatu mbele yake: hasikii, hajui lugha, au ni mzembe. Maelezo ya tatu ndiyo rahisi, nayo huja na fimbo. Jaribio zuri la sentensi lingeweza kutenga la kwanza na la pili, ikiwa tu limetungwa ili liweze kuyatenga. Jaribio baya huyachanganya, kisha huyapa muhuri wa hospitali. Kwa ajili hiyo nashauri kila sentensi ya watoto isikilizishwe mara mbili: kwanza katika ukimya na kwa sauti ya kutosha, kisha katika kelele. Mtoto aliyeshindwa hata katika ukimya, ilhali mashine ya milio inasema masikio yake ni mazima, haumwi sikio. Apewe muda wa kujifunza lugha.

Wako wanaopendekeza kuziacha sentensi kabisa na kutumia tarakimu, kama jaribio la simu alilolianzisha Smits na wenzake huko Uholanzi mwaka 2004, ambalo limeenea duniani. Kwa Kiswahili tarakimu zina uzuri wa ajabu: kutoka moja hadi tisa, zote ni za silabi mbili, hata “nne,” ambayo *n* yake ya kwanza ni silabi peke yake. Hakuna anayeweza kuitambua tarakimu kwa urefu wake, ila sifuri. Lakini humo humo imo mitego. “Tatu” na “tano” zina mwanzo mmoja. “Nne” na “nane” hukaribiana. Na “sita” na “tisa” ni konsonanti zile zile zilizobadilishana nafasi. Tarakimu zafaa kwa kumchuja haraka mtu ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, na pale Chimala kila mtu hujua bei. Hata hivyo haziwezi kutuambia kama mtu husikia nani kamfanya nani nini, wala kama jambo lilikanushwa. Kwa hilo sentensi haina mbadala.

Limebaki suala la sauti itakayorekodiwa. Tangu Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, tumezoea kudhani kwamba sauti ya redio ndiyo sauti ya lugha. Wenzetu wa Kikannada nao wana tatizo la namna hiyo, kwa kuwa usemi wa Mysore si usemi wa Dharwad wala wa Mangalore, na lugha ya vitabu iko mbali na ya mazungumzo. Kwa upande wetu, maneno yawe sanifu ili orodha iweze kusafiri, lakini msemaji asiwe mtangazaji. Awe mtu anayesema kwa mwendo wa kawaida, atamkaye *h* zake bila ya kuzipigia ngoma. Itafaa orodha za kwanza zirekodiwe kwa sauti mbili, ya mwanamke na ya mwanamume, zijaribiwe kwa watu wenye masikio mazima Chimala, Rujewa na Mbeya mjini, kila mmoja akiandikiwa lugha yake ya nyumbani, na alama za kila kundi zilinganishwe kabla mgonjwa wa kwanza hajavikwa vyombo masikioni. Sentensi itakayowapa Wasangu alama moja na Wasukuma alama nyingine, ilhali wote ni wazima, itolewe katika orodha siku hiyo hiyo.